Bawaba za Mlango wa Dada Paskalina

Vijana mnaoshika mashine ya kuchomelea leo, nawaandikia kwa sababu macho yangu yamekataa kazi kabla ya mikono. Nina miaka hamsini na sita. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilitengeneza milango, madirisha na mageti ya maduka hapa Karatu, na kazi yenyewe hasa haikuwa chuma. Ilikuwa kumfikiria mwizi. Chuma utafundishwa chuoni. Mwizi utajifunza mwenyewe, na ada ya somo hilo huilipa mteja wako.

Mimi, Boay, sikupita chuo chochote. Niliishia darasa la saba. Mengi nilijifundisha kwa kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya vitasa, na kwa kufungua kila kufuli bovu lililonipitia mkononi. Kila kazi niliiandika kwenye daftari: tarehe, vipimo, unene wa chuma, na kosa lililotokea. Ninayo madaftari kumi na tisa. Siyataji kwa kujisifu. Daftari la kumi na saba lilinifikisha kituo cha polisi.

Ufundi wa kuchomelea niliupata kwa Mzee Akonaay, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Mwaka mmoja baada yangu alikuja Safari, kijana wa umri wangu kutoka Mbulu. Niseme mapema: nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Safari alipima mlango kwa shubiri ya mkono wake na ulikaa. Mimi nilipima kwa futi mara tatu na wangu pia ulikaa, lakini hakuna anayemshangaa mtu mwenye futi. Mzee Akonaay akikagua kazi yangu alisema, "Sawa." Akikagua ya Safari aliita wapita njia: "Njooni muone!" Ile "sawa" ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya kijijini Buger. Mzee mmoja mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo alitaka mlango ambao hata tembo akiusukuma hauendi. Nikampa. Bati nene, vyuma vya engo pande zote, makomeo mawili, na kufuli nikalificha ndani ya kiboksi cha chuma ili mkasi wa kukatia chuma usilifikie. Baada ya wiki tatu alinijia karakana, funguo mkononi.

"Fundi, mlango wako hauna tatizo."

"Ahsante, mzee."

"Subiri kwanza kushukuru. Mlango upo. Kufuli lipo. Funguo hizi hapa. Dawa ndizo hazipo."

Duka lake lilikuwa la matofali ya kuchoma, lakini yaliunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kama wengi wetu tunavyojenga huku. Mwizi alikuja na ndoo za maji, akaulowesha ukuta wa nyuma, akasubiri udongo ulainike, akatoa tofali moja moja na kuyapanga pembeni. Aliyapanga vizuri kuliko aliyejenga. Mzee Akonaay alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Safari akasema, "Mwizi angebisha hodi mlangoni, Boay angempima kwanza." Walicheka wote wawili. Mimi nilikwenda pembeni nikaandika: Kagua ukuta kabla ya kupima mlango.

Kwa hiyo ukifika kwa mteja, acha futi mfukoni. Zunguka jengo kwanza. Chomeka msumari kati ya tofali na tofali; ukiingia kama kwenye ugali, mwambie mteja aanze na saruji, mlango utakuja baadaye, hata kama unaihitaji kazi ile leo. Inua macho uangalie paa. Misumari ya bati hung'olewa kwa nje, kwa hiyo pale juu ya vitu vya thamani weka nondo chini ya bati, zimefungwa kwenye mbao za paa. Grili ya dirisha isishikwe kwa skrubu. Miguu yake iingie ndani ya ukuta na kuzibwa kwa saruji. Na msiamini kufuli kubwa. Nimeona kufuli la ukubwa wa kiganja likining'inia kwenye masikio ya bati laini ambayo ungeweza kuyakunja kwa bomba la maji. Mwizi hana ugomvi na kufuli. Anatafuta kilicho dhaifu jirani yake.

Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa la Mzee Akonaay. Alisema watu wote hulinda upande wa kufuli, na mwizi mwenye akili huanzia upande wa bawaba. Mlango wa duka ukifungukia nje, bawaba zake hubaki nje, barabarani, na kila bawaba ina pini. Pini isipochomelewa juu na chini, mtu mwenye tindo na nyundo ataigonga itoke kwa dakika chache, kisha atauvua mlango mzima huku kufuli likiwa limefungwa. Dawa zake ni mbili. Chomelea pini. Halafu weka kidole: kipande kifupi cha nondo ukingoni mwa mlango, upande wa bawaba, kinachoingia kwenye tundu la mwimo mlango unapofungwa. Hata pini zote zikitoka, kidole kinaushika mlango. Mimi na Safari tulifundishwa kidole siku moja, jua lilelile, nondo ileile. Kumbukeni hilo tukiendelea.

Mzee alipofariki, tulifungua karakana mbili kwenye barabara moja. Wateja walikuwa wanapita kwangu kwenda kwake. Nilijua idadi ya wanaopita. Baadaye zikaja kamera, na Safari alikuwa wa kwanza kuzielewa; loji za watalii kule juu kuelekea geti la Ngorongoro zikaanza kumpigia simu. Mimi nilinunua kamera moja, nikaifungua yote, nikaielewa, nikaandika kurasa kumi na moja. Hakuna aliyeniita. Nikaanza kumwambia kila mteja, "Kamera inaona, haizuii." Ni kweli, na ninyi mwambieni mteja hivyo: aanze na ukuta, mlango na taa, kamera ije mwisho. Ila mimi nilikuwa nalisema kwa sauti ya mtu aliyenyimwa chakula.

Sasa dada yangu. Paskalina ni mkubwa wangu kwa miaka minne, na ni fundi cherehani. Miaka mingi alishonea kwenye baraza za watu. Hatimaye akapata fremu yake mwenyewe, barabara ya kwenda sokoni: chumba kimoja, cherehani nne, na kazi ya kushona sare za shule mbili. Kila alichokuwa nacho maishani kiliingia ndani ya chumba kile. Nilisubiri aniite. Nilikuwa nimeshauchora mlango. Nikasikia kazi amepewa Safari.

"Dada, nasikia mlango anatengeneza Safari."

"Ndiyo."

"Mimi nipo."

"Upo, mdogo wangu, najua upo. Wewe ungekuja kupima wiki mbili. Baraka ya duka ni Jumamosi. Katekista ameshapanga, watu wameshaalikwa, mbuzi ameshafungwa uani. Nimwambie mbuzi amsubiri Boay amalize kupima?"

Wanawake waliokuwa wanashona walicheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Jumamosi nilikwenda. Mlango ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Ulipakwa rangi ya bluu, na katikati Safari alikunja vyuma bapa vya flati bar vikatokea umbo la cherehani, gurudumu lake na yote. Watu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikwenda upande wa bawaba.

Pini zote tatu zilikuwa zimepakwa rangi, lakini chini ya rangi hapakuwa na uvimbe wa weldi. Nikaufungua mlango polepole kama mtu anayefurahia uzito wake. Kidole hakikuwepo. Tundu kwenye mwimo halikuwepo. Nilijua mara moja kilichotokea, kwa sababu kingeweza kumtokea fundi yeyote hapa kwetu: umeme ulikatika tangu asubuhi, saa ya baraka haikuweza kusogezwa, akaona autundike mlango, apake rangi, arudi Jumatatu kumalizia. Na Jumatatu ilipofika, loji zilimwita.

Safari alinifuata na sahani ya nyama. "Kaka Boay, unaonaje?"

Nafasi ilikuwa ile. Maneno mawili yangetosha: pini, kidole. Angejigonga paji la uso, angecheka, angerudi jioni ileile umeme ukirudi. Nikautazama mlango, nikamtazama yeye, nikasema, "Sawa."

Nilipofika nyumbani niliandika: Mlango wa P. Pini tatu hazijachomelewa. Hakuna kidole. Kazi ya Safari. Jina lake nililipigia mstari.

Siku ishirini na tatu nilipita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni. Kila mara nilitazama pini. Sikutaka dada yangu aibiwe. Nawaomba mniamini katika hilo. Nilichotaka ni mlango ulegee, bawaba zianze kulia, watu waulize kulikoni, nami nitoe daftari na kuwaonyesha tarehe. Nilitaka kuwa sahihi mbele za watu. Wivu wa fundi ni wa namna hiyo. Huhitaji kumgusa mwenzako. Unajua kitu, unanyamaza, na unajiona una adabu.

Siku ya ishirini na nne tulikwenda kumzika mzee mmoja kijijini Kansay. Alikuwa na jamaa mtaa mzima. Gari la matangazo lilipita siku iliyotangulia likitaja saa ya kuondoka, na asubuhi maduka yote ya barabara ile yakafungwa, kama desturi inavyotaka. Hili nalo liandikeni: tangazo la msiba linasikiwa na mwizi pia. Huku kwetu wengi huweka mlinzi wa usiku, Mmasai na rungu lake, wakadhani wamemaliza. Alfajiri mlinzi anakwenda kulala. Mchana wa maziko, au wa ibada, mtaa hauna mtu. Mkifunga kwa ajili ya msiba, mmoja abaki kwa zamu, na asionekane kama asiyejali maiti. Leo mtaa wetu unafanya hivyo. Wakati ule hatukufanya.

Nilikaa lori moja na dada yangu na Safari. Tuliimba pamoja.

Tuliporudi saa kumi jioni, mlango wa bluu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kufuli lilikuwa limefungwa. Pini tatu zilikuwa chini kwenye vumbi, zimelala sambamba. Ndani zilibaki meza, pasi, na mabaki ya vitambaa. Cherehani zote nne hazikuwepo, wala majora ya sare. Dada aliingia, akasimama katikati ya chumba, akainama kuokota kipande cha chaki. Hakulia. Alikishika tu.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amebaki mama mmoja muuza maandazi, kwa sababu ya mguu mbovu. Mwenyekiti wa mtaa alimwita.

"Mama, uliona nini?"

"Niliona mafundi. Watu watatu, ovaroli, ngazi, kigari. Walinisalimia vizuri. Nikajua ni vijana wa Safari wamekuja kumalizia mlango."

Watu wakageuka wote kumtazama Safari.

"Jamani, mimi nilikuwa Kansay na ninyi," alisema.

"Wewe ulikuwa Kansay, vijana wako je?" Huyo alikuwa muuza simu wa fremu ya pili.

"Vijana wangu wawili wako lojini, waulizeni huko."

"Anayejua mlango ni fundi wake! Mlango haukuvunjwa, umevuliwa kama shati!"

"Mfungeni kwanza, ataeleza vizuri!"

Mwenyekiti alipaza sauti kwamba hakuna mtu kumgusa mtu. Lakini duara lilikuwa linabana, na mmoja alikuwa ameshaokota tofali. Nilimwona Safari akitazama nyuso moja moja, watu waliokula nyama na kupiga picha, na hakukuwa na aliyemtazama machoni. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyempenda yeye kuliko anavyonipenda mimi. Nilikuwa nimeingoja hali hiyo miaka thelathini. Nikajipenyeza katikati ya duara.

"Mwenyekiti," nikasema, "huhitaji kuwa fundi wake kujua. Pini hazikuchomelewa. Mtu yeyote mwenye macho angeona akipita. Mimi niliona."

"Uliona lini, Boay?"

"Siku ya baraka."

"Ukamwambia nani?"

"Niliandika kwenye daftari."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Daftari likamjibu nini?" Watu wakacheka, cheko baya. Muuza simu akanigeukia mimi. "Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayejua mlango una kasoro, akaandika, akanyamaza, na leo mlango umetoka palepale alipoandika? Mwenyekiti, daftari hilo liletwe."

Likaletwa. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, pamoja na mstari uliopigwa chini ya jina. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, pasipo na mlango. Alisikia kila neno.

Tulipelekwa kituoni mimi na Safari katika gari moja. Tulipokaribia kufika akanigeukia.

"Nilikuuliza, kaka. Nilikuletea na nyama."

"Uliniuliza."

"Nilisahau kurudi. Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Lakini nilikuuliza."

Askari alipotuhoji, Safari alisema pini ni kosa lake, na kwamba mimi ninaandika kila kitu tangu ujana, hata idadi ya matofali ya Buger, kwa hiyo daftari si ushahidi wa wizi. Alinitetea kwa maneno machache, mazuri, kama alivyofanya kila kitu. Tukaachiwa jioni ileile. Nami, nikitoka mlangoni kwa hisani yake, nilimwonea wivu hata wa moyo wake. Nawaambia ukweli ili mjue ugonjwa huu hauponi kwa siku moja.

Wezi walikamatwa baada ya wiki kadhaa upande wa Mto wa Mbu. Walikuwa wageni. Mmoja alieleza kwamba aliziona pini siku alipoleta suruali ipunguzwe urefu. Alisimama pale akisubiri, mkono juu ya bawaba, akahisi rangi inabanduka. Cherehani mbili zilipatikana. Nyingine mbili na vitambaa havikuonekana tena. Dada alipoteza kazi ya shule moja. Alirudi kushonea baraza ya mtu kwa miezi minne, na miezi yote minne hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilimtumia ujumbe kwamba nitamtengenezea mlango mpya kwa vyuma vyangu. Jibu lilikuwa fupi: "Anatengeneza Safari."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Kisha asubuhi moja akanipigia simu.

"Mlango umekwisha. Njoo uukague. Cherehani ziko kwa jirani, sitaziingiza kabla hujaja."

Nilikwenda na taa, tindo, nyundo na futi. Safari alikuwepo, mikono nyuma. Mlango haukuwa na ua wala umbo lolote safari hii, rangi ya kijivu tu. Nikamvuta dada pembeni.

"Kwa nini mimi? Mtaa una mafundi sita."

"Sita wameshautazama. Wote wameniambia ni mzuri." Aliongea bila kupunguza sauti. "Wanampenda, Boay. Mtu anayekupenda hatazami bawaba. Wewe unamwonea wivu tangu kwa Mzee Akonaay, mtaa mzima unajua, mbuzi wa baraka alijua. Hakuna mtu Karatu nzima atakayeutazama mlango wake kwa ubaya kama wewe. Haya, utazame. Ila leo ukiona kitu, utakisema kwa mdomo."

Safari aliangalia chini. Sikujua kama anaficha aibu au kicheko.

Vijana, hili halimo kwenye karatasi za maboksi ya vitasa. Kazi yako ikiisha, usimwite rafiki akuambie unaonaje. Mwite yule ambaye kazi yako inamnyima usingizi, umpe tindo, na umbane aseme.

Niliukagua mlango ule kwa karibu saa nzima. Nilichomeka msumari ukutani, saruji. Nilipanda juu, nondo chini ya bati. Niligonga kila pini kwa nguvu zangu zote, nikaona weldi imezunguka juu na chini. Nilifungua nikatafuta kidole, nikakuta vitatu, na cha katikati kimeinamishwa kidogo, ili mtu akijaribu kuuvuta mlango kwenda nje, chenyewe kizidi kukaza. Nilikipima. Nilikipima tena. Katika madaftari kumi na tisa sijawahi kuwaza kukiinamisha. Kifua kiliniwaka kama wiki ile ya kwanza karakana.

"Je?" dada akauliza.

"Sijaona kosa."

"Tazama tena."

Nilirudia upande wa bawaba, nikapiga magoti, nikamulika kwa taa kutoka chini hadi juu. Nilitafuta kwa roho yangu yote.

"Hakuna," nikasema. "Na hicho kidole cha kuinama, mimi nisingekifikiria."

Dada alinitazama usoni kwa muda, kama anavyotazama mshono kabla ya kukata uzi. Kisha akaita wanawake waliokuwa wanangoja kwa jirani. Wakaja na cherehani, wawili wawili, wakijikwaa na kucheka. Mimi nikaushika mlango wakapita.